Barua ya Wakili wa Babu: Mahakama ya Katikati na Wakfu Wetu wa Malindi

Ndugu zangu wa Maskati, Dubai, London, Toronto na kokote mlikotawanyika.

Katika ukoo wetu kuna neno ambalo limesemwa kwa sauti ya chini kwa muda wa miaka themanini na zaidi. Nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa miaka tisa, Unguja, katika matanga ya shangazi yetu, pale bibi mmoja wa upande wa pili alipomwambia mwenziwe: “Hawa ndio wajukuu wa yule aliyeuza wakfu.” Sikujua wakfu ni nini wala nani aliyeuza. Nilipomwuliza marehemu baba aliniambia nikanywe maji nikalale.

Wengi wenu mmelisikia neno hilo kwa namna mbalimbali, na wengine mmelirithi bila ya kujua mmerithi nini. Baadhi ya jamaa wa upande wa pili hawakuhudhuria arusi zetu, nasi hatukuhudhuria zao. Kisa ni nyumba ya Malindi, katika Mji Mkongwe, ambayo bibi mzaa babu yake babu aliiweka wakfu kwa ajili ya watoto wake na watoto wa watoto wao, na kizazi kitakapokatika, kwa ajili ya maskini. Mwaka 1936 binamu mmoja alidai kwamba wakfu ule si sahihi, na kwamba nyumba igawanywe kwa mirathi. Babu, akiwa ndiye msimamizi wa wakfu, alipinga. Shauri likasikilizwa, rai ya kadhi ikachukuliwa, na babu akashinda. Kisha, miezi michache baadaye, huyo huyo aliyeshinda akakubali suluhu: nyumba ikauzwa, thamani yake ikagawanywa, naye akapokea fungu lake.

Basi watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: mtu aliyeshinda hukumu anakubalije kushindwa? Jibu walilojipa ni fedha. Walisema babu alipewa kitu chini ya mkeka.

Nilipostaafu kazi yangu ya ukarani, baada ya miaka zaidi ya thelathini katika ofisi ya mawakili hapa Maskati, nililifungua sanduku la njumu ambalo baba alikuja nalo kutoka Unguja. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cha bafta, nilikuta barua ya kurasa mbili kutoka kwa wakili wa babu, iliyopigwa taipu kwa Kiingereza. Nyuma yake karani wa wakili alikuwa amefasiri maneno yale kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono mzuri ulionyooka. Nimeisoma mara nyingi. Barua hiyo haieleweki bila ya kujua kwanza namna mahakama za Zanzibar zilivyopangwa wakati ule, na hasa ile mahakama iliyokaa katikati. Kwa hiyo nakuombeni subira, nieleze historia kwanza, kisha nirudi kwenye barua.

Ngazi tatu

Nchi nyingi hupanga mahakama zake kwa ngazi tatu. Ya kwanza husikiliza mashahidi, huona hati na hutoa hukumu. Ya mwisho huangalia kama sheria imefuatwa na kauli yake haina kauli juu yake. Baina ya hizo mbili huwekwa mahakama ya rufaa ya katikati, ambayo hupokea malalamiko ya aliyeshindwa na kulipima upya shauri kabla halijafika juu.

Hapa Oman mpango huo uliwekwa wazi kwa Amri ya Kifalme nambari 90 ya mwaka 1999. Chini ziko mahakama za ibtidaiya, katikati mahakama za rufaa, yaani istinafu, katika miji mikubwa ya mikoa, na juu iko Mahakama ya Juu kabisa, Maskati. Katika istinafu huketi majaji watatu pamoja, na katika Mahakama ya Juu huketi watano. Katika mashauri ya kawaida ya madai aliyeshindwa ana siku thelathini za kukata rufaa. Siku hizo thelathini zilikuwa ndiyo saa ya maisha yangu ya kazi. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, na nilijifunza jambo moja ambalo wasiofanya kazi hiyo hawalijui: mashauri mengi humalizikia katikati. Wachache huwa na fedha, umri na moyo wa kufika juu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua haki ya nchi ina sura gani, na aangalie ni nani wanaokaa katika mahakama ya katikati, wameletwa kutoka wapi, na nani anayewafunga mikono kutoka juu.

Maswali hayo matatu ndiyo niliyoyauliza kuhusu Zanzibar ya babu.

Wakati rufaa ilipopanda meli kwenda Bombay

Zamani za masultani wa mwanzo, mpango ulikuwa mwepesi kuelezeka. Raia wa Sultani walikwenda kwa makadhi, wa Kiibadhi kwa Maibadhi na wa Kishafii kwa Masunni, na asiyeridhika aliweza kumfikia Sultani mwenyewe barazani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa akiketi na kusikiliza malalamiko ya watu. Mtu alikuwa akihukumiwa na mwanachuoni anayemjua, kwa sheria anayoiamini, kwa lugha anayoifahamu. Sisemi kwamba hapakuwa na dhulma, kwani kila zama zina dhulma zake. Nasema tu kwamba umbali baina ya mlalamikaji na mwamuzi ulikuwa ni wa kutembea kwa miguu.

Lakini pembeni ya mahakama hizo kulikuwa na nyingine. Mkataba wa mwaka 1839 baina ya Sayyid Said na Uingereza ulimpa balozi wa Kiingereza mamlaka ya kuhukumu raia wa Kiingereza waliokuwa katika nchi za Sultani. Wengi wa raia hao hawakuwa Waingereza wa kuzaliwa, bali Wahindi: wafanyabiashara, wakopeshaji na mafundi. Na kwa kuwa mashamba na nyumba nyingi za Waarabu ziliwekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, mahakama ya Balozi ikawa inagusa mali za wazee wetu pia.

Mahakama hiyo ya Kiingereza, ambayo iliundwa upya kwa amri ya mwaka 1897, ilifuata sheria za India: kanuni za adhabu za India, sheria ya ushahidi ya India, utaratibu wa madai wa India. Kwa mambo ya mahakama Zanzibar ilihesabiwa kana kwamba ni wilaya mojawapo ya Bombay. Kwa hiyo aliyeshindwa Unguja alikata rufaa Mahakama Kuu ya Bombay, iliyoanzishwa mwaka 1862. Akishindwa huko, ilibaki London, mbele ya ile kamati ya majaji wa Baraza la Mfalme ambayo wazee wetu waliiita Privi Kaunsili.

Tafakarini hali hiyo. Mahakama ya katikati ya kisiwa chetu ilikuwa ng’ambo ya Bahari ya Hindi. Jalada lilifungwa, likapakiwa katika meli ya barua, na majaji waliolisoma hawakupata kuiona Malindi wala Shangani. Hata hivyo ilikuwa na faida yake. Bombay ilikuwa na Waislamu wengi, na mashauri ya mirathi na wakfu hayakuwa mageni kwa majaji na mawakili wake.

Mwaka 1908 ukaja mpangilio mpya. Majaji wa Kiingereza wakawekwa pia katika mahakama za Sultani, ikawa jaji yule yule huketi leo kwa jina la Mfalme wa Uingereza na kesho kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Sheria ya Kiislamu ilitangazwa kuwa ndiyo sheria ya msingi katika mambo ya madai kwa mahakama za Sultani. Makadhi wakubwa walibaki, nao walikuwa watu wa elimu kubwa: Sheikh Ahmed bin Sumeit kwa Mashafii na Sheikh Ali bin Muhammad al-Mundhiri kwa Maibadhi walijulikana nje ya Afrika. Lakini nafasi ya kadhi ilizidi kuwa ya mtu anayeulizwa rai, na nafasi ya kukata neno ikawa ya jaji aliyesomea sheria Uingereza.

Mahakama isiyokuwa na majaji wake

Mwaka 1902 Waingereza walianzisha Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki kwa ajili ya nchi walizozitawala bara: ile iliyokuja kuitwa Kenya, Uganda, na ile iliyokuja kuitwa Nyasaland. Mwaka 1914 rufaa za Zanzibar zikaondolewa Bombay zikapelekwa katika mahakama hiyo, na baadaye mashauri ya mahakama za Sultani nayo yakafuata njia hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaingia Tanganyika.

Sasa umbali ulipungua. Rufaa ya mtu wa Unguja ilisikilizwa Afrika, na vikao viliweza kufanyika katika miji ya pwani na ya bara. Lakini hiyo ilikuwa mahakama ya namna ya peke yake. Kwa muda wa karibu nusu karne haikuwa na majaji wake wa kudumu. Iliazima. Majaji Wakuu na majaji wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana kwa vikao, watatu wakaketi pamoja, wakasikiliza rufaa zilizokusanyika, kisha kila mmoja akarudi kwenye kituo chake. Jaji aliyetoka kwao jana kama jaji wa kwanza, leo alikuwa jaji wa rufaa juu ya hukumu ya mwenzake, na kikao kijacho mwenzake huyo akawa juu ya hukumu yake.

Sisi makarani tunajua hali hiyo inavyokuwa. Ofisi ya watu wachache wanaofahamiana, waliotoka chuo kimoja na utumishi mmoja, wanaopandishwa cheo kutoka koloni hii hadi ile. Wengi wao walikuwa watu waaminifu, na hukumu zao, zilizoanza kuchapishwa kwa mfululizo mwaka 1934, zinaonesha kazi ya uangalifu. Lakini katika miaka hiyo hakuketi kadhi hata mmoja katika mahakama ile ya katikati, wala mtu yeyote aliyesoma fikihi kwa masheikhe. Shauri la wakfu lililoanza kwa rai ya kadhi lilipopanda ngazi moja tu, lilikwisha kutoka katika mikono ya watu wa elimu hiyo.

Na juu yao ilikuwapo London. Jambo lililokwisha kuamuliwa na Privi Kaunsili, majaji wa rufaa hawakuwa na ruhusa ya kuliamua vinginevyo, hata kama nyoyo zao zilikataa.

Neno lililosemwa mwaka 1894

Hapo ndipo tunapofika kwenye wakfu.

Ndugu zangu mliozaliwa ng’ambo, wakfu wa dhuria ni mali ambayo mwenyewe huifunga isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yakawa ya kizazi chake, kisha ya maskini au msikiti. Wanavyuoni wengi wameukubali tangu zamani, na kumlisha mtoto na mjukuu wamekuhesabu kuwa ni sadaka yenye thawabu. Wazee wetu wa pwani waliupenda kwa sababu ulizuia nyumba isikatwekatwe vipande wala isichukuliwe kwa deni la kijana mmoja mpumbavu.

Mwaka 1894 shauri la wakfu wa namna hiyo kutoka Bengal lilifika Privi Kaunsili. Majaji wa London walisema kwamba ikiwa mali inakwenda kwa familia kizazi baada ya kizazi, na maskini wamewekwa mbali kabisa mwishoni, basi hiyo sadaka ni ya jina tu, na wakfu huo ni batili. Waislamu wa India walishtuka. Walilalamika kwamba London imewafundisha Waislamu maana ya sadaka katika dini yao wenyewe. Mswada wa kurekebisha jambo hilo uliletwa katika baraza la kutunga sheria la India na wakili wa Bombay, Muhammad Ali Jinnah, ambaye baadaye alikuwa mwasisi wa Pakistan, na mwaka 1913 ukawa sheria. Kuanzia hapo wakfu wa dhuria ukasimama tena India.

Lakini sheria ile ilitungwa India kwa ajili ya India. Sisi tuliachiwa neno la mwaka 1894 bila ya dawa ya mwaka 1913. Na angalieni tarehe: mwaka mmoja tu baada ya India kujirekebisha, rufaa zetu zikahamishwa kutoka Bombay. Sisemi kwamba Bombay ingetuokoa, kwa sababu si kila sheria ya India ilikuwa na nguvu Zanzibar. Nasema tu kwamba tulihamishwa kutoka mahakama iliyokuwa ikiishi na tatizo hilo na dawa yake, tukapelekwa kwenye mahakama iliyobaki na tatizo peke yake.

Barua yenyewe

Sasa naweza kuifungua barua.

Wakili anaanza kwa kumpongeza babu kwa ushindi wake. Kisha anamwarifu kwamba wapinzani wamekwisha kukata rufaa. Anasema kwamba rai ya kadhi ni sahihi kwa mujibu wa vitabu vya fikihi, na kwamba yeye binafsi, ingawa si Mwislamu, ameridhika nayo. Lakini anamwambia kwamba mahakama ya rufaa haitaulizwa vitabu vya fikihi vinasemaje. Itaulizwa Privi Kaunsili ilisemaje, na hilo linajulikana. Anamweleza shauri la Bengal kwa mistari sita, na sheria ya India kwa mistari miwili, na anaongeza kwamba lau nyumba ingalikuwa Bombay angalimshauri apigane.

Kisha anahesabu. Gharama za wakili wa rufaa, gharama za kuchapisha kumbukumbu za shauri, nauli ikiwa kikao kitakuwa bara, na gharama za wapinzani ambazo babu atatozwa akishindwa. Na akitaka kwenda London, mara kadhaa ya hizo. Anasema wazi kwamba gharama hizo zitaimeza nyumba, na watakaobaki bila ya kitu ni wale mayatima wawili wa ndugu yake babu waliokuwa wakiishi katika chumba cha juu. Anamshauri akubali suluhu wakati bado ameshika hukumu mkononi, kwa sababu mwenye hukumu hupata masharti mazuri.

Karani aliyefasiri nyuma aliongeza mstari mmoja wake mwenyewe, ambao haumo katika Kiingereza. Anamwomba babu asiudhike, na anamwambia kwamba yeye naye ana wakfu wa mama yake, na usiku ule hakulala.

Kuna karatasi ya tatu, iliyokunjwa ndani ya barua. Ni hesabu ya mgao kwa mkono wa babu. Fungu la kila mtu limeandikwa. Karibu na fungu lake yeye kuna mstari unaolipunguza kwa nusu, na nusu hiyo imeandikwa chini ya majina ya wale mayatima.

Hicho ndicho kilichokuwa chini ya mkeka.

Yaliyokuja baadaye

Babu alifariki mwaka 1941. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 Zanzibar nayo ilitunga sheria ya kuuhalalisha wakfu wa dhuria. Lakini kabla dawa haijafika kila mahali, mahakama ya rufaa ilithibitisha yale ambayo wakili aliyatabiri: mwaka 1946, katika shauri la Zanzibar lililohusu Makamishna wa Wakfu, majaji walijiona wamefungwa na neno la Privi Kaunsili katika mambo ya sheria ya Kiislamu. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1951. Na katika shauri la wakfu wa familia moja ya Mombasa, ambalo hukumu yake ilichapishwa katika ripoti za mwaka 1952, Privi Kaunsili yenyewe ilisema kwamba neno lake la 1894 halikuwa la India peke yake, bali lilifika mpaka pwani yetu.

Nayaeleza hayo ili mjue kwamba babu hakuogopa kivuli. Lau angalipigana, angalipigana na ukuta ambao ulikuwa bado umesimama miaka kumi na tano baadaye.

Mahakama ile ya katikati nayo ilibadilika. Kuanzia mwaka 1951 ilipata majaji wake wa kudumu, rais wake wa kwanza akiwa Sir Barclay Nihill, na makao yake yakawa Nairobi. Katika miaka ya 1950 ilisikiliza hata rufaa za Aden na Shelisheli. Nchi zilipopata uhuru, njia ya kwenda London ilifungwa moja baada ya nyingine, na ile iliyokuwa ya katikati ikajikuta ni ya mwisho. Rais wake wa mwisho, Samuel Wako Wambuzi, alikuwa Mganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mahakama hiyo ikafa pamoja nayo, na mwaka 1979 Tanzania ikaanzisha Mahakama ya Rufani yake.

Zanzibar ilipita njia ya peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa kwa sheria ya mwaka 1969, zikaja Mahakama za Wananchi, ambazo wahukumu wake hawakuwa wanasheria na mawakili hawakuruhusiwa kusimama mbele yake. Mwaka 1985 mpango wa mahakama za kawaida ulirudishwa. Leo rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa mambo machache ambayo Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imeyazuia yasivuke bahari. Moja katika hayo ni mashauri yaliyoanzia mahakama za kadhi: hayo hukomea Mahakama Kuu ya Zanzibar.

Niliposoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza, nilikaa kimya muda mrefu. Watu wengine wataona ni utaratibu tu. Kwangu mimi, mjukuu wa aliyeandikiwa barua ile, ni kana kwamba mtu fulani alikumbuka kwamba kuna mashauri ambayo kila yakisogea mbali na nyumbani hupungua kueleweka.

Kuhusu sisi

Mwezi wa Shaaban uliopita nilimpigia simu mzee wa upande wa pili, anayeishi Uingereza, ambaye ana miaka themanini na mbili. Nilimwita ami, kama inavyotakikana, ingawa hatukuwahi kusemezana. Nilimwambia nina barua ningependa kumsomea. Alinyamaza, kisha akasema: “Soma, mwanangu.” Nilimsomea Kiswahili cha yule karani, chote, pamoja na mstari wake wa mwisho, kisha nikamsomea hesabu ya mgao.

Mmoja wa mayatima wawili wa chumba cha juu alikuwa mama yake.

Hakusema kwamba tulikuwa tumedhulumiwa, wala mimi sikumtaka aseme. Aliniuliza kama ninaweza kumpelekea picha ya ile karatasi ya tatu, kwa sababu anataka kuuona mwandiko ulioandika jina la mama yake. Niliipeleka usiku ule ule. Arusi ya mjukuu wake itakuwa baada ya Idi, na sisi tumealikwa.

Ndugu zangu, katika nyumba zenu kuna masanduku kama hili. Mkikuta hati ya zamani, msiangalie tu nani ameshinda na nani ameshindwa. Someni kichwa chake: ni mahakama gani, ya ngazi gani, ya mwaka gani. Ikiwa ni kabla ya 1914 na rufaa imetajwa, ulizeni habari za Bombay. Ikiwa ni baada yake, tazameni majina ya majaji watatu na nchi walizotoka. Pindueni ukurasa, kwa kuwa makarani wa zamani waliandika nyuma. Na kabla ya kumhukumu mzee aliyetangulia mbele ya haki, jiulizeni juu yake kulikuwa na mahakama gani, na juu ya mahakama hiyo kulikuwa na nani.

Atakayehitaji msaada wa kusoma herufi za Kiarabu za Kiswahili cha zamani, na aniandikie. Macho yangu bado yanaona, na siku zangu hazihesabiwi tena kwa kalamu nyekundu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu wa pande zote mbili.